Nyoka wa Mrusi Nyumbani kwa Baba Mkwe

Mimi nimesoma jioni. Wengine husoma asubuhi, akili ikiwa mpya na tumbo lina uji. Mimi nilisoma nikitoka kwenye mashine ya kusaga muhogo, mweupe kuanzia nywele mpaka kucha, hata mama mmoja Mrundi aliyekuwa akija darasani kutoka Lusenda akanibatiza Mzungu wa Muhogo. Jina likanishika kuliko lile la kanisani. Baraka nzima, mji wetu wa kando ya ziwa, ilinijua kwa jina hilo. Nikisema Baraka nzima, toa watoto wachanga, na hao nao si wote.

Nilikuwa na sababu ya kusoma. Unga ule ulikuwa unanila mapafu, na shule moja ya msingi ya mtaani kwetu iliniambia wazi: lete diploma ya serikali, tutakupa darasa la pili ufundishe. Lakini ili uandikwe kwa mtihani wa serikali, Prof wetu wa biolojia alitaka kila mtu apite kwanza ekspoze. Unasimama mbele ya darasa na wageni, unafundisha maisha na kazi ya mtaalamu mmoja wa viumbe, na unakuja na kitu cha kuonyesha kwa macho. Ukipata chini ya kumi juu ya ishirini, unarudia mwaka. Mimi nilikuwa nimerudia hadi benchi langu limechukua umbo la makalio yangu. Prof alikuwa ameniambia mbele ya wote: safari hii ukianguka, benchi tutampa mwingine.

Wataalamu waligawanywa kwa kura, vikaratasi ndani ya kofia ya Prof. Kijana mmoja aliyerudi kutoka kuchimba dhahabu Lulimba akaokota Mfaransa wa vijidudu. Mama wa Lusenda akaokota padri wa njegere. Mimi nikaokota Mrusi wa nyoka.

"Mrusi wa nyoka?" akasema mchimbaji. "Kule si iko barafu tu? Nyoka yao inatambaa na nini, na viatu?"

"Inavaa koti," akasema mama wa Lusenda. "Mzungu wa Muhogo, omba Prof akubadilishie. Huyo atakufukuzisha shule."

Sikubadilisha. Prof alinipa kurasa chache za fotokopi, nikazisoma kando ya mashine mpaka zikawa chapati. Na nawaambia, kabla sijamaliza ukurasa wa pili nilikuwa nampenda Mrusi yule kama ndugu.

Mtu alizaliwa katika mji mkuu wa mfalme wa Urusi, karne ile ya kumi na tisa. Akatumwa shule ya udaktari. Wazazi wamejitahidi, jirani wote wanajua kwamba mtoto wa fulani atakuwa daktari. Amemaliza, amepata karatasi, na badala ya kutibu watu akawaacha na homa zao, akaenda kwa mijusi! Fikiria hapa kwetu. Mama yake angelia mpaka ziwa lipande. Kisha akavuka bahari, akafika Afrika hii hii, upande wa Aljeria, akatafuta nyoka na kenge kwenye jua la kuchemsha mayai, akarudi kwenye theluji yake kuandika. Na aliandika kwa lugha gani? Kifaransa! Niliposoma hapo nilipiga kelele hadi mteja wangu akamwaga muhogo. Mrusi, tena wa ukoo wa Kijerumani, anaandika Kifaransa kama sisi, na bila shaka na yeye alihangaika na vile vitenzi vyao.

Baada ya hapo hakuzunguka sana. Aliingia katika nyumba kubwa ya serikali yenye wanyama waliokufa, mwishowe akawa mkubwa wake. Wasafiri walikwenda kwenye majangwa ya Asia na kumletea nyoka ndani ya pombe kali, na yeye aliketi mezani akiwahesabu magamba, safu kwa safu, ili ajue huyu ni wa ukoo gani na yule ni wa ukoo gani. Aliandika juu ya nyoka wenye sumu, akaandika juu ya kobe, akaandika juu ya mamba wa dunia nzima. Hata hawa wetu wa Tanganyika, ambao hajawahi kusikia mmoja akikohoa. Yeye ameketi kwenye baridi, mamba wote wako mezani kwake, wametulia kama wanakwaya.

Kazi yote, basi, ilikuwa ndani ya ile pombe. Bila pombe, nyoka anaoza, na nyoka aliyeoza hana ukoo. Nikasema: mimi nitakwenda na nyoka ndani ya pombe kama Mrusi mwenyewe, Prof aanguke kwenye kiti.

Nyoka hakunisumbua. Wavuvi wetu huwapata kwenye nyavu, wale nyoka wa ziwani wenye pete nyeusi shingoni, wameingia kufuata samaki wakakosa hewa. Mvuvi mmoja aliniletea wake ndani ya ndoo.

"Mzungu wa Muhogo, huyu hapa. Amekufa."

"Una hakika?"

"Nimemuuliza mara mbili. Hajajibu."

Dawa ya hospitali ya kuhifadhia niliitafuta mpaka Nundu. Muuguzi mmoja aliniuliza nataka kuhifadhi nini, nikamwambia nyoka, akaniuliza kama nimelala vizuri. Basi nikarudi kwa lutuku, pombe yetu ya muhogo na mahindi inayopikwa na bamama, ile ya mvuke wa kwanza ambayo ukiisogeza karibu na taa, taa inaomba radhi. Nikatafuta chupa kubwa ya kioo yenye mdomo mpana, nikamkunja nyoka ndani, nikajaza mpaka shingoni. Akapendeza! Alionekana kama waziri ndani ya gari.

Mke wangu alisimama mlangoni.

"Ile kitu ikiingia humu nyumba, mi natoka. Chagua: nyoka ao mimi."

Nikatazama chupa, nikamtazama yeye.

"Eh! Iko anafikiri!" akapiga makofi, akaita majirani. "Bamama, kuyeni muone! Bwana yangu iko anafikiri!"

Ndipo nilipopata akili niliyoiona kubwa kuliko zote za mwaka ule. Urusi ni baridi. Baraka ni joto, kando ya ziwa hapa hata jiwe linatoa jasho. Lakini Fizi iko juu milimani, asubuhi watu wanavaa majaketi. Na nani anakaa Fizi? Baba mkwe wangu, seremala mstaafu, mzee wa kanisa, nyumba yake ya matofali ina chumba cha nyuma chenye kivuli. Fizi ndiyo Urusi yetu! Nikafunga chupa kwenye gunia, nikapanda pikipiki, nikaibeba kifuani ile barabara yote ya kupanda kama mtoto wa homa.

Sasa hapa msomaji anisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipojichimbia shimo, na nilichimba kwa adabu zote.

Kwetu, kwa baba mkwe huendi ukasema mambo kwa mdomo mkavu. Ukikutana naye njiani unampisha. Ukiingia kwake unaketi pembeni, unatazama chini. Na ukimletea kitu, husemi "nimekuletea zawadi," hiyo ni majivuno. Unakiweka chini karibu na mlango, unasema polepole: "Papa, nimeleta hiki kidogo, kikae hapa." Naye anapiga makofi taratibu, na mambo yamekwisha. Mimi nilitaka kitu kikae. Kikae tu! Nikaiweka chupa karibu na mlango, nikatazama chini, nikasema:

"Papa, nimeleta hii kidogo, ikae hapa."

Akapiga makofi.

"Aksanti, mukwe. Umenikumbuka."

Nilidhani anashukuru kwa kuwa nimemtembelea. Nikaona nimepokewa vizuri. Nikanywa maji, nikashuka zangu Baraka nikiimba.

Nilipanda tena kumsalimu kabla ya ekspoze. Niliomba nichungulie chumba cha nyuma. Chupa ilikuwa pale kwenye kabati, kati ya chupa zake nyingine za mizizi na maganda ya miti anayotumia kwa mgongo, maana useremala ulimkunja. Ilijaa mpaka shingoni, vilevile nilivyoiacha. Nikamshukuru Mungu. Nyoka tu niliona amenenepa kidogo, nikasema labda ni hewa ya Fizi, hewa ile hunenepesha kila mtu. Na mzee mwenyewe alikuwa ametengemaa ajabu. Anatembea wima. Anacheka peke yake. Aliniinulia kiti kwa mkono mmoja, mzee ambaye mwezi mmoja nyuma hakuweza kuinua kikombe.

"Mugongo yangu imepona," akaniambia. "Mungu akubariki, mukwe."

"Amina, Papa," nikasema. Nilidhani ni maombi.

Siku ya ekspoze ilipokaribia, mke wangu alimpigia simu baba yake, akamwambia chupa inahitajika Baraka, kwenye shule, mbele ya Prof na wageni. Mzee alifurahi. Akasema ataileta mwenyewe, kwa mikono yake. Akashuka na koti la Jumapili na kofia, chupa ameivika kitenge kipya kama bibi arusi, akaenda kuketi benchi la mbele. Darasa lilijaa. Mama wa Lusenda alikuja na dada zake wawili. Mchimbaji alikuwa amekaa dirishani.

Nikaanza. Jamani, niliongea! Nilimzaa Mrusi, nikampeleka shule ya udaktari, nikawaliza wazazi wake, nikamvusha bahari. Nilipofika kwenye Kifaransa watu walipiga makofi.

"Ni mutu yetu!" mchimbaji akapaza sauti. "Na mke alikubali nyoka?"

"Yeye alikuwa na nyumba ya serikali ya kuwawekea," nikasema.

"Ndiyo maana!" akajibu mke wangu kutoka nyuma, na darasa likavunjika mbavu.

Kisha nikasema, kwa sauti ya askofu: "Na sasa, mabibi na mabwana, kazi yake yenyewe." Nikavua kitenge, nikashika kifuniko, nikafungua.

Nimeshawahi kupita karibu na samaki waliosahauliwa juani. Nimesafisha choo cha shule. Sikuwa najua kitu. Harufu ile haikutoka, ilirukia watu. Mchimbaji alianguka kutoka dirishani kwenda nje, na alipoanguka hakurudi ndani, alibaki huko huko. Dada za mama wa Lusenda wakapita mlangoni pamoja, mlango wa mtu mmoja. Mbuzi aliyekuwa amefungwa nje ya uzio, wanasema, alikata kamba. Prof alijifunika pua na tai yake, akasogea, akachovya kidole ndani ya chupa, akanusa.

"Hii ni maji."

Nikachungulia chupani.

"Hii ni maji kabisa! Weye uliniambia utaleta spesimeni ndani ya alkoli. Alkoli iko wapi?" Akanitazama kutoka chini hadi juu. "Ulikunywa?"

Nje wakacheka. "Alikunywa! Ndiyo maana Mzungu wa Muhogo alikuwa anasema vizuri!"

Nikageuka, macho yangu yakakutana na kofia ya baba mkwe. Kofia tu, kwa kuwa uso aliuinamisha. Na papo hapo nikaelewa yote: ule mgongo ulionyooka, ile furaha, yule nyoka anayenenepa kwa hewa. Neno moja tu lilihitajika: si mimi, ni yule. Lakini mtu anaanzaje kumtaja baba mkwe wake mbele ya watu, mzee wa kanisa, kwamba amekunywa lutuku ya nyoka? Mimi hata njia nampisha! Nikaiona diploma ikiondoka, nikaliona darasa la pili, watoto wote na kamasi zao, wakinipungia mkono.

"Prof, ni joto."

"Joto? Uliniambia ilikuwa Fizi!"

"Joto imepanda mpaka Fizi, Prof."

"Basi," akasema Prof, akafungua kalamu. "Mutu anayekunywa spesimeni yake, mi siwezi kumupeleka kwa serikali."

Benchi la mbele likalia. Baba mkwe alikuwa amesimama, wima kama mlingoti, mikono yote miwili juu ya kofia.

"Prof, samahani. Huyu mutoto anadanganya kwa sababu ya heshima yangu. Ile kitu nilikunywa mimi."

Hata harufu ilisimama.

"Aliniletea ndani ya nyumba," mzee akaendelea. "Aliweka chini, karibu na mulango. Alisema: ikae hapa. Mi nilipiga mikono. Bazee benye mabinti bako humu, baseme: ile haiko zawadi?"

"Ni zawadi," wakajibu wazee wawili nje ya dirisha, pua wamezifunga.

"Nikaona iko na nyoka ndani. Nikasema, mukwe wangu ni mutu wa akili, amesikia mugongo yangu iko na shida, ametafuta dawa ya nguvu. Nilikuwa nakunywa kijiko, asubuhi na jioni, kwa dawa. Mi si mulevi, mi ni muzee wa kanisa."

"Na maji?" Prof akauliza.

Mzee akamtazama kwa huruma, kama mtu anayeulizwa kwa nini jua linatoka asubuhi.

"Chombo ya mukwe inarudi tupu? Kila kijiko nilikitoa, nilirudisha kijiko ya maji ya chemchemi, ili siku moja isisemwe kwamba chombo ya mukwe wangu ilikauka kwangu. Prof, weye uko na baba mukwe?"

"Niko naye."

"Ukimupelekea pombe, kisha kesho unarudi kuiomba?"

Prof akavua miwani. Akaifuta na ile tai iliyokuwa puani. Bamama waliokuwa wamekimbia walianza kurudi mmoja mmoja mlangoni, maana mambo yalikuwa matamu kuliko harufu.

"Hapana," akasema mwishowe. "Siwezi kuomba."

"Aksanti."

"Lakini nyoka ameoza, Papa! Kazi haiko." Kisha akanigeukia mimi. "Murusi wako. Zile nyoka basafiri balimuletea kutoka mbali, zote zilifika muzima?"

"Hapana, Prof. Nyingine zilifika zimeharibika."

"Alikuwa anazitupa?"

Hilo halikuwa kwenye fotokopi. Nikafikiri jinsi mtu yule alivyoketi miaka yote kwenye meza moja.

"Sidhani, Prof. Alihesabu kilichobaki."

"Basi hesabu."

Wakaleta sahani ya bati. Nikajifunga puani kitenge kile kipya, nikamtoa nyoka wangu, nikaanza katikati ya mwili, safu kwa safu, kuvuka mgongo. Ngozi ilikuwa inateleza kama soksi. Nilihesabu kwa sauti, na bila kuambiwa darasa likaanza kuhesabu na mimi, pua zimebanwa, kwa hiyo sauti zilitoka kama za bata. Nikafika mwisho. Mchimbaji, kutoka nje, akasema nimeruka moja. Mama wa Lusenda akasema sikuruka, ni yeye aliyekuwa akilia kwa harufu. Ugomvi. Nikarudia. Mara ya pili tulipata vilevile, na Prof akatazama kitabu chake, akatazama nyoka, akatikisa kichwa kwamba ndiyo, huyu ni wa ukoo wake. Nawaambia, nilijisikia kama nimemzaa.

"Bon," akasema Prof. "Maongezi mazuri. Hesabu nzuri. Spesimeni imeoza. Saba."

Saba! Chini ya kumi! Lakini baba mkwe hakuondoka. Aliketi vizuri, akaweka kofia juu ya goti, akakohoa kile kikohozi ninachokijua. Ndicho alichokohoa siku walipokuja wazee wangu kuzungumza mahari.

"Tumesikia," akasema. "Upande wa Prof wamesema saba. Sisi upande wa kijana tunasema kumi na sita."

"Papa, alama haziuzwi!"

"Nani amesema kuuza? Tuko tunazungumuza. Hata mahari hatuuzi mutoto."

"Ni kweli," wakasema wazee wa dirishani, na mmoja wao akaingia, akaketi upande wa Prof ili mambo yawe sawa, kwani Prof hakuwa na msemaji.

"Upande wetu tunaongeza," akasema yule mzee bila kumuuliza Prof. "Nane, kwa sababu ya Kifaransa."

"Mugongo yangu je?" baba mkwe akauliza. "Nyoka huyu alifanya kazi. Mugongo imenyooka, muone! Ile Murusi aliwahi kunyoosha mugongo ya mutu?"

"Tisa," akasema Prof mwenyewe, akicheka sasa, machozi yakimtoka, sijui ya kicheko au ya harufu.

"Kumi na nne."

"Papa, kumi. Kumi ya mwisho. Nikiongeza, inspekta atanifukuza."

Baba mkwe akatazama dari, kama mtu anayewasikiliza mababu. Akanitazama mimi, mara ya kwanza tangu nioe binti yake, usoni kabisa.

"Kumi," akasema. "Na Prof atafunga ile chupa yeye mwenyewe."

Prof akafunga chupa. Akaandika kumi. Bamama wakapiga vigelegele kana kwamba ni harusi, na mke wangu akaja mbele kunikumbatia, akafika karibu, akabadili mawazo, akanipungia mkono.

Nilimsindikiza baba mkwe kwa dada yake alikolala, maana kwetu baba mkwe halali nyumbani kwa mkwewe. Yeye mbele, mimi nyuma hatua kadhaa kama inavyotakiwa, na mbwa wote wa mtaa nyuma yangu. Tukafika karibu na mlango. Akasimama, hakugeuka.

"Ile Murusi," akasema. "Baba mukwe wake alikuwa nani?"

Nikatafuta kichwani, ukurasa kwa ukurasa.

"Haikuandikwa, Papa."

"Hata neno moja?"

"Hata moja."

Alisonya, akasukuma mlango.

"Basi bameandika nusu," akasema, akaingia.